Kabla ya Kung'oa Ubao wa Kukalia: Hotuba kwa Mafundi na Wavuvi, Moshi

Hotuba hii ilitolewa mjini Moshi mbele ya mafundi seremala, mafundi wa viti na wamiliki wa mitumbwi ya Bwawa la Nyumba ya Mungu. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale waliokuwa majini siku hiyo. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu mlioketi hapa mbele, ndugu mafundi, ndugu wavuvi, mama zangu mnaomiliki vyombo na mnaouza samaki, na vijana mlioko vyuoni: nawasalimu wote, na nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kusikiliza.

Nimeombwa nizungumze kuhusu viti vilivyochakaa katika mitumbwi ya zamani ya kuvulia. Najua wapo waliotabasamu waliposikia mada hii, na siwalaumu. Mtu anaweza kuuliza: ubao wa kukalia una habari gani ya kuhutubiwa? Ukichakaa si unang'olewa, unapigiliwa mwingine, fundi analipwa na kazi imekwisha? Fundi aliyezoea kutengeneza madawati ya shule, mabenchi ya kanisa na milango ya hoteli hawezi kuiona kazi hiyo kuwa kubwa. Ndiyo maana naomba tuizungumze leo polepole, kwa sababu mitumbwi mingi niliyoiona ikifa mapema haikuuawa na mawimbi wala na mawe. Ilianza kufa siku ambayo kiti chake kilibadilishwa na mtu aliyedhani anabadilisha kiti tu.

Sisi wa Moshi tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mji wetu hauna ufuko, lakini mbao nyingi na mikono mingi inayohudumia mitumbwi ya Nyumba ya Mungu hutoka hapa. Bwawa lile, lililojengwa katika miaka ya 1960 chini ya mahali ambapo mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana, liko umbali wa kilomita zipatazo 50 kusini mwa hapa tulipo, na maji yake yanagusa ardhi ya Moshi Vijijini, Mwanga na Simanjiro. Fundi wa Moshi anatengeneza kiti ambacho hatakikalia, kwa ajili ya chombo ambacho pengine hajawahi kukiona kikiwa na mzigo, nacho kitaishi katika joto na ukavu ambao yeye haishi ndani yake. Mnaliona tatizo linakoanzia?

Sasa naomba tujiulize swali ambalo halihusu viti hata kidogo. Mtumbwi unaoelea unabanwa na nini? Maji hayakai tu chini yake yakiubeba. Yanausukuma kutoka pande zote mbili, na kadiri mzigo unavyouzamisha ndivyo yanavyousukuma kwa nguvu zaidi. Ndani nako kuna nyavu zilizolowa, kuna samaki, kuna watu wawili au watatu wanaohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kila wavu unapovutwa. Kisha jioni mtumbwi unaburutwa hadi nchi kavu. Msukumo wa maji unaondoka, uzito wote unaegemea tumbo, na mbavu sasa zinataka kupanuka kwenda nje. Kila siku zinasukumwa ndani, kila siku zinavutwa nje. Ni kitu gani kinachozishika? Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, uko chini. Mataruma, ile miti iliyopinda kwa ndani, yanashikilia mbao za ubavuni. Lakini kule juu kwenye ukingo, mahali ambapo ubavu uko huru kuliko kwingine kote, hakuna kinachovuka kutoka upande mmoja hadi wa pili isipokuwa zile mbao mbili au tatu mnazozikalia.

Ninyi mafundi wa mapaa mnaijua boriti ya chini ya kenchi: haibebi bati hata moja, lakini ikikatwa, kuta husukumwa nje na paa likashuka. Ubao wa kukalia wa mtumbwi unafanya kazi hiyo hiyo, isipokuwa kwamba wenyewe unazuia pande zote mbili, kupanuka na kubanwa. Makalio ya mvuvi ni mgeni tu juu yake.

Wahenga wa pwani yetu walilijua jambo hili kabla ya misumari. Mtepe, kile chombo cha kale cha Waswahili ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, ulikuwa na boriti zilizovuka kutoka ubavu hadi ubavu na ncha zake zikatokeza nje ya mbao. Mtu hawezi kutoboa chombo chake mwenyewe juu ya maji bila sababu. Walitaka boriti ishike, na walitaka ionekane imeshika.

Nitawasimulia kisa kimoja cha upande wa Lang'ata, kule kando ya bwawa. Mmiliki mmoja alikuwa na mtumbwi wa miaka mingi wenye mbao tatu za kukalia. Ule ubao wa katikati ulikuwa umepasuka na kuwachana watu nguo, na kijana mmoja wa chombo akashauri uondolewe kabisa, kwa kuwa nyavu zingepata nafasi na watu wangeweza kukaa mbele na nyuma. Ukaondolewa. Kwa majuma ya mwanzo kila mtu alifurahia ule uwazi. Kisha mtumbwi ukaanza kuvuja. Akaitwa fundi, akakalafati, yaani akaziba maungio ya chini kwa pamba na lami, ukavuja. Akarudi akakalafati tena. Ukavuja mahali pengine. Mwenye chombo akaanza kusema kwamba pamba ya siku hizi haifai, na fundi akaanza kusema kwamba mbao zimezeeka, na kila mmoja wao alikuwa na ushahidi wa kutosha.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu pembeni, ambaye hakuna aliyemwita, akauliza swali moja: ule ubao mlioung'oa uko wapi? Ulikuwa nyumbani, umekuwa benchi la kufulia. Ukaletwa. Walipouweka mahali pake pa zamani, haukufika. Kati ya ncha yake na ubavu palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja cha mkono. Mtumbwi ulikuwa umepanuka, mbao za chini zimeachana kwa sababu za juu zimefunguka, na hakuna pamba duniani ambayo ingeziba mwanya unaozidi kufunguliwa kila siku.

Walitibuje? Hawakuvuta kwa siku moja, na hapa naomba vijana wasikilize. Mbao za mtumbwi mkavu zikivutwa kwa pupa hupasuka. Waliulowesha kwanza, wakazungusha kamba nene kutoka ukingo hadi ukingo, wakapitisha kijiti katikati ya kamba na kuisokota kidogo, wakaifunga, wakaenda zao. Kesho yake wakaisokota tena kidogo. Mbavu ziliporudi mahali pake, ndipo ubao mpya ulipokatwa na kufungwa. Baada ya hapo wakakalafati mara moja, na ikatosha.

Kutokana na kisa hicho naomba mchukue desturi hizi. Usiondoe viti viwili kwa wakati mmoja. Kabla hujaondoa hata kimoja, pima upana wa ndani pale kilipo, mbele yake na nyuma yake, uandike, kisha kaza kipande cha mbao kwa muda karibu na mahali unapofanyia kazi ili mbavu zisihame usiku. Na ule ubao wa zamani usiuchome, usiugawe, usiufanye benchi, mpaka mpya umekaa na chombo kimerudi majini. Ubao uliooza bado unakumbuka urefu, unakumbuka mshazari wa ncha zake, na mtumbwi hauna kona ya mraba hata moja ya kukusaidia pale kumbukumbu hiyo ikipotea.

Sasa tuje kwenye uchakavu wenyewe. Kiti kilichochoka tunakitambuaje?

Wengi wetu tunaangalia katikati, pale panapokaliwa, kwa sababu ndipo palipolika, rangi imetoka na mbao inang'aa kwa kusuguliwa. Ndugu zangu, katikati ndipo mahali penye afya kuliko kwingine. Panakaliwa, panapigwa jua, panapitiwa na upepo, panakauka. Ubao huanza kuoza kwenye ncha, pale unapokutana na ubavu, na sababu zake ni mbili. Kwanza, mbao hunywa maji kwa haraka mno kupitia ncha zake zilizokatwa kuliko kupitia uso wake, kwa kuwa mirija iliyopandisha maji katika mti uliokuwa hai imefunguliwa pale. Pili, pembe ile kati ya ubao na ubavu haipati upepo. Magamba ya samaki, matope na nyuzi za nyavu hujikusanya humo, na maji ya mvua yakiingia hayatoki. Kuvu inayoozesha mbao haihitaji mengi. Inahitaji joto, hewa, na mbao yenye unyevu unaozidi takriban asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Chini ya hapo haiwezi kufanya kazi. Joto la Nyumba ya Mungu tunalo mwaka mzima, hewa ipo, kilichobaki ni maji tu, nayo tunaipelekea wenyewe.

Kuna fundi mmoja mzee aliyekuja bwawani kutoka Pangani, kule ambako maji ya bwawa letu, baada ya kupita mashine za umeme na kushuka mto wote, huishia baharini. Maisha yake yote alitengeneza vyombo vya maji ya chumvi. Alipofika huku akashangaa. Kwao, alisema, adui zake walikuwa kutu inayokula misumari na wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao zilizoko chini ya maji. Sehemu za juu za chombo, zile zinazorushiwa chumvi kila siku, hazikumsumbua sana. Huku alikuta sehemu za chini za mitumbwi ziko imara, na viti, vilivyo juu kabisa, vimeoza. Alidhani mbao zetu ni mbaya. Baadaye akafahamu: chumvi huizuia kuvu, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hayaizuii. Mbao iliyozama moja kwa moja nayo haiozi upesi kwa kuwa inakosa hewa. Inayooza ni ile inayolowa na kukauka nusu, ikalowa na kukauka nusu, na hiyo ndiyo mbao ya kukalia. Mvua ya masika iliyotuama kwenye ncha ya kiti ni hatari kuliko bwawa lote lililo chini ya mkuku.

Basi ukaguzi ufanywe hivi. Inama, au lala chali ndani ya mtumbwi, utazame chini ya ubao, kwa sababu upande wa juu hupakwa rangi na upande wa chini husahauliwa. Chukua kisu chembamba ukichome kwenye ncha zote mbili na kuzunguka kila msumari. Mbao nzima hukipinga kisu na hutoa kibanzi kirefu. Iliyooza hukipokea na hukatika vipande vifupi bila sauti. Gonga kwa nyundo ndogo kutoka katikati kuelekea ncha: sauti kali ikigeuka kuwa nzito na fupi, weka alama ya chaki hapo. Ukiona weusi kuzunguka msumari, usidhani ni uchafu. Kutu ya msumari huiharibu mbao inayouzunguka, kwa hiyo tundu huwa pana kuliko msumari hata kama msumari bado upo, na kiti kinachocheza hakikazwi kwa kuongeza msumari wa pili kando ya wa kwanza.

Ukishajua pameoza wapi, uamuzi unakuja wenyewe. Uso wa katikati ukiwa umelika au umechanika, mbao ikiwa nzima chini yake, randa, piga msasa, au chonga kipande ukichomeke, na kiti kitaendelea kuishi. Ubao ukiwa umepasuka kwa urefu, ncha zikiwa imara, mkanda wa mbao uliokazwa kwa chini kuvuka ule ufa unaweza kuuokoa kwa miaka kadhaa. Lakini ncha ikiwa imeoza, badilisha. Sisemi hivyo kwa kupenda kuuza mbao. Ncha ndiyo inayoshika ubavu, ukiikata ubao unakuwa mfupi, na kipande kilichoungwa pale hubeba nguvu yote mahali ambapo kiungo ni kibovu kuliko kote. Nimeona viraka vya bati vilivyokunjwa vizuri juu ya ncha zilizooza, vimepigiliwa kwa ustadi, vikawa vimefungia unyevu ndani kama mfuniko wa sufuria. Ile kazi ilipendeza kwa msimu mmoja.

Na lile jambo la kupaka mbao oili chafu ya injini. Najua linatumika, najua ni la bure, najua linafukuza mchwa. Lakini kiti cha mtumbwi wa kuvulia hukaliwa na watu na hulazwa samaki. Perege aliyelazwa juu ya ubao uliopakwa oili ya injini anakwenda kwenye meza ya mtu, na mabaki ya oili huoshwa na mvua ya kwanza yakaingia kwenye maji yale yale tunayoyavua. Zaidi ya hayo, rangi haishiki tena juu yake. Tafadhali tuiache. Wa pwani walitumia sifa, yaani mafuta ya papa, na ingawa yana harufu ya kumkimbiza mtu, hayana sumu ya injini. Sisi tuna mafuta ya kitani yaliyochemshwa na rangi nzuri za mafuta madukani. Cha muhimu kuliko aina ya rangi ni kuipaka kwenye ncha kabla ya kufunga ubao, mara tatu au nne, mpaka ncha ziache kuinywa, na kuhakikisha kwamba mbao ni kavu. Rangi iliyopakwa juu ya mbao mbichi ni gereza la maji.

Hapo tumegusa mbao, na hapa ndipo Moshi inapohusika hasa.

Mama mmoja, mwenye mitumbwi miwili, alikuja mjini wakati bwawa limefungwa kupisha samaki wazaliane, ambao ndio wakati mzuri wa matengenezo. Akanunua mbao za moja kwa nane, yaani unene wa inchi moja na upana wa inchi 8, zilizotoka kupasuliwa siku chache kabla, nzuri, nyoofu, bado zinanukia. Zikarandwa, zikakatwa, zikafungwa kwa misumari kwenye kingo zote mbili. Zilipofika bwawani, kwenye ule ukavu wa nyanda za chini, zikapasuka katikati moja baada ya nyingine, nyingine zikajikunja na kuwa mabakuli ya maji. Mama akarudi na malalamiko, naye fundi akasema aliyeuza mbao ndiye mkosaji, na muuzaji akasema mama hakuuliza.

Nani alikosea? Tuijadili mbao badala ya watu. Mbao inayokauka hupungua upana, wala haipungui urefu kwa kiasi kinachoonekana. Kwa hiyo fundi asije akamwambia mteja kwamba ubao umefupika kwa jua. Ubao wa inchi 8 uliopigiliwa ukiwa mbichi unaweza kupoteza robo inchi ya upana au zaidi ukikauka. Ukiwa umeushika kwa misumari kingo zote mbili na kuunyima nafasi ya kupungua, utapungua kwa njia ya kupasuka. Miteremko yetu ina unyevu. Kule bwawani hewa ni kavu na jua ni kali. Mbao iliyokauka vya kutosha kwa sebule ya Marangu bado ni mbichi kwa Nyumba ya Mungu. Dawa yake si ngumu: nunua mapema, panga mbao kwenye kivuli chenye upepo huku zikitenganishwa kwa vijiti, na kama inawezekana zimalizie kukauka kule kule zitakakotumika. Badala ya ubao mmoja mpana, tumia miwili ya inchi 4 yenye mwanya mdogo katikati; mwanya huo utapitisha maji na kuruhusu kila ubao upungue peke yake. Na unapoulaza, tazama duara za ncha yake: upande uliokuwa karibu na kiini cha mti uwe juu, kwa maana ubao ukijikunja utakuwa mgongo unaomwaga maji.

Mti gani? Zamani babu zetu wangetaja mbao za msitu wa mlima. Msitu huo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu mipaka ilipopanuliwa mwaka 2005, na vyanzo vya ile mito inayojaza bwawa vinautegemea, kwa hiyo mvuvi anayetafuta mbao za magendo za mlimani anakata maji yake mwenyewe. Mvule na mninga hudumu sana, ila bei yake inajulikana na mvule una uzito wake. Mtiki wa mashamba ya Tanga na Morogoro ni bora ukiupata. Kwa mfuko wa mvuvi wa kawaida, mimi nashauri saipresi ya mashamba ya West Kilimanjaro, sehemu ya kiini chake, iliyokauka vizuri. Ni nyepesi, na si rafiki mkubwa wa kuvu. Paini isiyotiwa dawa naomba tuiache kwa madawati. Mgrevilea wa shambani unafaa kwa muda, na anayeutumia ajue atarudi mapema.

Kuhusu unene, yupo kijana aliyeniuliza kama ubao wa inchi moja na nusu una maana yoyote zaidi ya gharama. Una maana kubwa. Ugumu wa ubao kupinda hauongezeki sawasawa na unene: ukiuongeza unene mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Ile nusu inchi iliyoongezwa juu ya inchi moja huufanya ubao kuwa mgumu zaidi ya mara tatu. Skrubu za chuma cha pua ni ghali, lakini ni chache. Toboa kwanza kwa keekee kabla ya kuzikaza, na kwenye ncha tumia bolti zenye washa pana pale zinapowezekana.

Sasa ndugu zangu mafundi wa viti, msidhani nimewasahau.

Siku hizi kuna boti za faiba zinazoletwa zikiwa zimetumika, baadhi zikiwa na viti vya sponji vilivyofunikwa. Mwenye boti moja ya namna hiyo alivipeleka viti vyake kwa fundi wa sofa, naye akavirudisha vizuri kuliko vilivyokuwa: sponji mpya nene, leza nyekundu, yaani ile ngozi ya bandia, mshono mnyoofu. Baada ya masika moja, kiti ambacho mtoto angekibeba kilihitaji mtu mzima, na plaiwudi ya chini ilikuwa ikibomoka mkononi. Sponji ya sofa hunywa maji, ndiyo asili yake, kwa sababu vishimo vyake vimefunguana. Ukiifunika pande zote kwa leza isiyopitisha maji, kila tundu la sindano linaingiza maji na hakuna tundu linaloyatoa.

Mnajua sponji isiyokunywa maji iko wapi hapa Moshi? Iko migongoni mwa wapagazi. Yale magodoro membamba magumu wanayoyatandika chini ya hema mlimani yametengenezwa kwa povu ambalo vishimo vyake vimefungwa kimoja kimoja. Yakikatwa na kupangwa tabaka mbili au tatu, yanatoa kiti kigumu kidogo kuliko sofa, lakini kitakachobaki chepesi mvua inyeshe isinyeshe. Chini yake weka ubao uliotobolewa matundu ya kutolea maji na kupakwa rangi pande zote, kingo zikiwemo. Shona kwa uzi wa poliesta, kwa maana uzi wa pamba huoza ndani ya mshono wakati leza bado ni nzima. Na uache upande wa chini upumue.

Katika boti hizo za faiba kuna jambo jingine la hatari zaidi. Nguzo ya kiti hufungwa kwa skrubu kwenye sakafu ambayo mara nyingi ina plaiwudi iliyofichwa katikati ya matabaka mawili ya faiba. Skrubu ikianza kucheza, maji huteremka na kuiozesha plaiwudi hiyo bila mtu kuona. Ukikuta kiti kinayumba, usitafute skrubu nene zaidi. Toboa tundu pana, toa kilichooza, acha pakauke kabisa, jaza gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wake, na ikishakuwa ngumu ndipo utoboe upya. Kama upande wa chini unafikika, weka bamba na ukaze kwa bolti.

Na lile sanduku lililozibwa chini ya kiti, ambalo wengine hulikata mlango ili wahifadhi chakula na simu, lipo ili boti isizame ikijaa maji. Lita moja ya nafasi iliyozibwa hubeba takriban kilo moja. Sanduku lenye urefu wa mita moja, upana na kimo cha sentimita 30, lina lita 90. Hesabuni wenyewe ni mtu wa uzito gani anayekatiwa mlango hapo. Wenye mitumbwi ya mbao iliyofungwa mashine, ambayo uzito wa mashine unaweza kuizamisha, wanaweza kufunga madumu matupu ya lita 20 chini ya viti, yaliyozibwa kabisa na kukazwa kwa mikanda imara. Manne yanabeba karibu kilo 80. Kamba dhaifu isitumike: dumu lililozama pamoja na chombo huvuta kwenda juu kwa nguvu zake zote.

Kimo cha kiti nacho kisibadilishwe kwa ajili ya starehe. Kila sentimita unayompandisha mtu inaufanya mtumbwi mwembamba uwe mwepesi zaidi kupinduka, hasa pale watu wawili wanapoegemea upande mmoja kuvuta wavu. Mto mnene juu ya ubao wa zamani ni kiti kilichopandishwa, hata kama hakuna aliyekusudia kukipandisha.

Nimalizie na malipo, kwa kuwa ugomvi mwingi niliousikia ulianzia hapo. Mwenye chombo huja na kusema anataka ubao mmoja ubadilishwe, fundi anataja bei ya ubao mmoja, kisha ubao unang'olewa na ubavu unaonekana umeoza nyuma yake. Fundi akinyamaza na kuufunga ubao mpya juu ya mbao iliyooza, amelipwa kwa kazi isiyodumu. Akidai fedha zaidi, anaonekana tapeli. Kwa hiyo tukubaliane bei mara mbili: bei ya kufungua na kukagua, inayolipwa hata kama hakuna kinachobadilishwa, na bei ya kutengeneza, inayopangwa baada ya wote wawili kuuona ubavu ukiwa wazi na kisu kimeshachomwa mbele ya mwenye mali. Wanafunzi wa Chuo cha Viwanda vya Misitu mlioko hapa, mnaoijua mbao kwa vipimo, nawaomba mwende bwawani mkakae na wazee wanaoijua kwa mkono, wakati vyombo viko nchi kavu.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Tuna muda wa maswali, na ningependa tuanze na mama zetu wenye vyombo, kwa kuwa ndio wanaolipa.